Mpamba mwitu: wa bure porini, ghali nyumbani?

Baridi ya Juni na Julai Tunduma haina simile. Mji umekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na msimu huo ukifika kila kaya inakagua upya inacholalia. Godoro limebonyea katikati, mto umekuwa bapa, mtoto anarudi bweni na hana cha kuegemeza kichwa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo halistahili kupuuzwa: kwa nini ununue sponji iliyosafirishwa kutoka mbali wakati kandokando ya mashamba kuna mmea unaopasuka wenyewe na kumwaga pamba nyeupe, laini, bila mtu kuulipia?

Nalichukulia swali hilo kwa uzito kwa sababu linagusa fedha ya watu wanaohesabu kila shilingi. Tena mmea huohuo husifiwa kuwa ni dawa, husemwa kuwa unaweza kulisha mifugo kiangazi, na haikawii kutokea mtu wa kukushawishi uupande kwa ekari. Kila matumizi yana hesabu yake, na ukizichanganya hesabu hizo utaumia.

Tuanze na kuutambua, maana wanaouzungumzia mara nyingi wanazungumzia mimea tofauti. Mpamba mwitu ambao wataalamu wanauita Calotropis procera ni kichaka kinachoweza kufikia mita 4, chenye majani mapana ya kijivu yenye unga, maua meupe yenye ncha za zambarau, na matunda ya kijani yaliyojaa hewa. Huo unapenda joto, jua kali na udongo wa kichanga. Kwa mkoa wetu wa Songwe, mahali pa kuufikiria ni mabondeni upande wa Ziwa Rukwa, huko Kamsamba au Galula, ambako mwinuko unashuka hadi karibu mita 800. Ukiuleta Tunduma, Vwawa au Mlowo utapigwa na baridi na kudumaa. Nyanda za juu zina jamaa zake wadogo wa jenasi ya Gomphocarpus, wenyeji wa Afrika, wenye majani membamba na matunda yaliyovimba yenye vinywele laini juu ya ganda. Mmea wa tatu ni wa bustanini, Asclepias curassavica, uliotoka Amerika ya kitropiki, wenye maua mekundu na ya machungwa. Yote mitatu ni ukoo mmoja, na alama yake ni ileile: vunja jani, utomvu mweupe unachuruzika papo hapo.

Usiichanganye na msufi, ule mti mkubwa wa maeneo ya joto unaotoa sufi ya mito na magodoro. Wala si pamba ya shambani. Tofauti hii ina maana kubwa kwenye mfuko wako, kama utakavyoona.

Sasa mto wenyewe. Anayenunua mto Tunduma anachagua kati ya vitu vichache. Kuna sponji nzima iliyokatwa kwa umbo la mto. Kuna mabaki ya sponji yaliyokatwakatwa na kushindiliwa ndani ya kitambaa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini kuliko yote. Kuna nyuzi za poliesta ambazo muuzaji atakuambia ni pamba, na ukimwuliza pamba ya wapi atacheka. Pamba halisi na sufi ni nadra zaidi, na ukizipata zimeshonwa na fundi kwa oda.

Kinachopandisha bei ya vitu hivi Songwe ni umbali, na zaidi ya umbali ni hewa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900. Mzigo wa misumari unajaza uzito wa gari kabla haujajaza nafasi, lakini mito na magodoro yanajaza nafasi wakati gari bado jepesi. Mwenye gari anakutoza nafasi. Kwa hiyo sehemu ya fedha unayolipia mto Tunduma ni nauli ya upepo uliomo ndani yake. Ndiyo maana wenye viwanda na wafanyabiashara hupenda kubana na kukunja magodoro kabla ya kuyasafirisha, na ndiyo maana kitu chepesi kinachoota hapahapa kina hoja ya kweli. Kwenye karatasi, mpamba mwitu unashinda: haulipi nauli.

Ubora wake pia si wa kubeza. Kila unywele wa pamba ile ni mrija mtupu ndani, umepakwa nta ya asili kwa nje. Unashika joto vizuri, haunywi maji upesi, na unaelea. Marekani waliifanyia kazi kubwa pamba ya aina hii wakati wa Vita Kuu ya Pili. Makoti yao ya kuokolea majini yalijazwa sufi ya Java, na Japani ilipoiteka Java mwaka 1942 sufi ikakatika. Mwaka 1944 watoto wa shule walipelekwa mashambani kuchuma matunda ya jamaa wa mmea huu unaoota kule kwao, na kiwanda cha kuyachambua kilikuwa Petoskey, katika jimbo la Michigan. Tangazo la kuwahimiza lilisema mifuko miwili inaokoa maisha ya mtu mmoja, yaani mifuko miwili ya matunda ilitosha koti moja.

Soma tangazo hilo kwa jicho la mnunuzi. Mifuko miwili ya matunda kwa koti moja la kuelea, na mto wa kulalia haupungui hapo. Kazi ile ilifanikiwa kwa sababu watoto walichuma kwa maelfu, kiwanda kilichambua kwa mashine, na serikali ilikuwa vitani. Vita ilipokwisha na sufi kurudi sokoni, biashara ile ilififia. Mmea haukuwa na kasoro. Mikono ndiyo iliyokuwa ghali.

Fanya hesabu yako hivi. Namba ninazotoa ni za mfano, si bei za soko. Weka zako mahali pake. Tuseme kibarua kijijini kwako analipwa shilingi 7,000 kwa siku. Kuchuma matunda ya mto mmoja, kuyaanika na kuyachambua kwa mkono kunakula siku 2. Hizo ni shilingi 14,000. Kitambaa kigumu cha ndani na ujira wa fundi cherehani, tuseme 5,000. Mto umefika shilingi 19,000. Ikiwa mto wa poliesta dukani ni 12,000, cha bure kimekugharimu 7,000 zaidi. Lakini ikiwa kazi inafanywa na wewe mwenyewe katika wiki ambazo mahindi yameshavunwa na hakuna kibarua kingine cha kukuingizia kitu, siku zile 2 hazikuondolei fedha yoyote mfukoni, na mto umetoka kwa 5,000. Mmea ni uleule na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni thamani ya siku yako.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu mto halimhusu kila mtu. Mwenye kibanda cha biashara Tunduma mjini, anayepoteza wateja kila anapofunga, anunue. Mama wa Chapwa au Mpemba mwenye muda wa kiangazi na mmea pembezoni mwa shamba lake anaweza kujaribu, na aanze na mto wa kiti, si wa kulalia. Kwenye mto wa kiti kosa la kushindilia halimwumizi mtu shingo, na kitu chenyewe ni kidogo.

Kuna gharama nyingine zinazojitokeza baada ya kununua au kushona. Mto wa poliesta unafuliwa ukarudi. Wa sponji unafulika kwa uangalifu, ila unachukua muda kukauka, na kwa baridi ya Tunduma sponji yenye unyevu ndani hupata harufu. Pamba ya mpamba mwitu, sawa na sufi, haifai kufuliwa. Nyuzi zake ni fupi na zinavunjika. Ukizilowesha na kuzikamua zinashikana mabonge na hazirudi tena. Utafua foronya tu, na mto wenyewe utaanikwa juani na kupigwapigwa. Nyuzi hizo pia hushika moto upesi mno. Kama nyumba inatumia kibatari au mshumaa karibu na kitanda, nasema wazi kwamba mto huo usiingie chumbani. Na mwenye pumu asipewe kazi ya kuchambua, kwa sababu vumbi lake linapaa chumba kizima. Kwa sababu hiyohiyo kitambaa cha ndani lazima kiwe marekani nzito iliyofumwa kwa kubana. Kitenge chepesi kitapitisha nyuzi, na asubuhi utaziona kwenye nywele.

Wengi mtaishia kununua sponji, na hapo kuna njia ya kujilinda ambayo haigharimu kitu. Muuzaji wa godoro atakuambia hili ni gumu, hili ni imara, hili halibonyei. Usibishane naye, lipime uzito. Chukua mizani ya ndoana, ile wanayopimia magunia wanunuzi wa mahindi, uning'inize godoro. La futi 4 kwa 6, unene wa inchi 6, lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.34. Likipima kilo 7, kila mita ya ujazo ina karibu kilo 21 za sponji. Likipima kilo 10, ina karibu kilo 29. Magodoro mawili yanaweza kufanana kwa macho, maua ya kitambaa yakawa yaleyale, na moja likawa na sponji zaidi ya lenzake kwa karibu nusu. Kama bei inatofautiana kwa shilingi chache tu, chukua zito. Kama jepesi lina bei ileile ya zito, umeshajua la kufanya. Angalia pia nembo ya ubora ya TBS, kisha bonyeza kwa kiganja katikati na kwenye kona, uachie, utazame linarudi kwa kasi gani. Kwa mto wa mabaki ya sponji, omba ufunguliwe zipu. Vipande vikiwa vya rangi nyingi si tatizo. Vikiwa vinapukutika unga ukivisugua kwa vidole, sponji imechakaa kabla hujailalia.

Nimekaa kwenye mto kwa urefu kwa sababu ndipo penye uchaguzi wa kweli. Kwenye dawa sioni uchaguzi.

Utomvu wa mimea hii hutumika sehemu nyingi za Afrika na Asia kupaka chunjua, choa, jino linalouma, hata mahali palipoumwa na nyoka. Sidharau elimu ya wazee, na utomvu huo kweli una nguvu. Tatizo ni kwamba nguvu yenyewe inatokana na kemikali zinazoshika moyo, za kundi moja kwa utendaji na dawa za moyo ambazo hospitali huzipima kwa miligramu. Kiasi kilichomo kwenye jani hubadilika kwa mmea, kwa msimu na kwa udongo. Anayekunywa hapimi, anabahatisha. Ngozini unaunguza. Na machoni hudanganya vibaya: tone la utomvu wa mpamba mwitu huweza kuvimbisha kioo cha jicho na kuleta ukungu bila maumivu makubwa, hivyo mtu anaona hakuna haraka na kulala nalo. Ukiingia, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama huumwi.

Linganisha gharama. Choa kinatibiwa kwa krimu ya clotrimazole au marhamu ya Whitfield, na hizi ni kati ya dawa za bei nafuu kabisa katika duka la dawa muhimu. Chunjua ina dawa ya asidi ya salisiliki, na nyingi huisha zenyewe kwa muda. Jino linahitaji daktari wa meno. Utomvu utaua ufizi unaolizunguka na tundu litabaki palepale. Aliyeumwa na nyoka kila dakika aliyopakwa kitu ni dakika aliyocheleweshwa. Upande mmoja wa mizani una tyubu ndogo ya krimu, upande wa pili una jicho. Sijui hesabu nyingine ya nyumbani iliyo wazi kuliko hii.

Mifugo nayo ina kanuni yake. Ng'ombe na mbuzi wenyewe huukwepa mmea huu ukiwa mbichi, na wanaufahamu kuliko sisi. Hatari inakuja pale unapokatwa pamoja na nyasi, ukakauka na kuchanganyika, ladha chungu ikapungua na sumu ikabaki. Zipo nchi zenye maeneo makavu, Brazili ikiwemo, ambako majani makavu ya mpamba mwitu yamewahi kutumika kuwa sehemu ya chakula cha mbuzi na kondoo, kwa kiasi kilichopimwa. Songwe hatuna dhiki ya aina hiyo. Kuna mabua ya mahindi, kuna mashudu ya alizeti, na kando ya kahawa Mbozi mtu anaweza kuotesha mabingobingo au lukina. Kumpa mbuzi mmoja sumu ili kuokoa bei ya mashudu ya wiki moja ni kutupa mbuzi.

Nitaongeza jambo moja la chakula kwa kuwa linavutia. Wafugaji wa Kifulani wa Benin hugandisha maziwa kwa maji ya majani ya mpamba mwitu kupata jibini laini iitwayo wagashi, wanayoichemsha na kuikaanga. Wamerithi vipimo vyake kizazi kwa kizazi. Mwenye ng'ombe wa maziwa Ileje au Mbozi anayetaka kutengeneza jibini atumie maji ya limau au siki. Gharama ni ndogo na hakuna kinachobahatishwa.

Sasa anakuja muuza miche. Tumeona kware walivyouzwa kwa bei ya juu miaka ya 2013 na 2014, Kenya hata kwetu, hadi kila aliyetaka kufuga akawa ameshanunua na hakubaki wa kumuuzia mayai. Zao lolote linaloleta faida kwa muuza mbegu tu lina mwisho huo. Kabla ya kutoa shilingi kwa mche wa mpamba mwitu, mwulize muuzaji swali moja: nani ananunua pamba yake, kwa shilingi ngapi kwa kilo, wapi, na mkataba uko wapi? Asipojibu, mwache na miche yake. Ekari iliyozoea mahindi, kahawa au, kule Momba, ufuta, isiguswe kwa ajili ya mmea usio na soko.

Ukitaka kuotesha kwa matumizi ya nyumbani, hutakiwi kununua chochote. Mbegu zinakuja na pamba yenyewe. Zisie juujuu mwanzoni mwa mvua, kwenye udongo usiotuamisha maji, mahali penye jua mchana kutwa. Jamaa wa nyanda za juu hutoa maua katika mwaka wake wa kwanza au unaofuata. Mpamba mwitu wa bondeni huchukua muda zaidi, lakini hudumu miaka na hustahimili ukame kwa mizizi mirefu. Hauhitaji mbolea. Vidukari vya njano vitajazana kwenye vichipukizi, na huvioshi kwa dawa ya duka: unavipukusa kwa maji. Ukiona viwavi vyenye mistari myeusi, myeupe na ya njano, viache. Ni watoto wa kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, Danaus chrysippus, na mmea huu ndio chakula chao. Kwa mwenye bustani hiyo ndiyo faida pekee isiyo na kazi.

Gharama ya kuotesha itamwangukia jirani usipoangalia. Mbegu zinapaa na upepo, na Australia mpamba mwitu umevamia malisho hadi ukahesabiwa kuwa gugu baya. Panda michache, mbali na malisho na mbali na mahali watoto wanapochezea, na vuna matunda kabla hayajamwaga. Na usivushe mbegu wala miche kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, bila kibali. Mpaka wetu ni wa mtaa mmoja na watu huvuka kwenda kununua chumvi, lakini mimea ina sheria zake, na anayezisimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Faini na mzigo kunyang'anywa vitazidi bei ya mto wowote.

Kwa atakayejaribu kiangazi hiki, vuna tunda likiwa limekauka na mshono wake umeanza tu kuachia. Likiwa bichi litakuchuruzikia utomvu na pamba itakuwa na unyevu. Likiwa limefunguka lote upepo umeshakutangulia. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na usiguse uso mpaka umenawa kwa sabuni. Fungua ganda polepole. Ndani pamba imelala imebanana, mbegu za kahawia zimepangana juu yake kwa safu. Bana ncha ya nyuzi zote kwa vidole viwili kabla hazijatawanyika, kisha sukuma mbegu kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Zitabanduka pamoja na pamba itabaki mkononi ikiwa safi. Itie moja kwa moja kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa mdomo, uuning'inize juani siku kadhaa bila kuufungua. Pima uzito wa mfuko baada ya saa za kazi ulizozihesabu, zidisha mpaka ufike uzito wa mto uliopo kitandani kwako, na utakuwa na bei yako halisi kabla hujamlipa fundi.